Kawa la Bi Kidawa

Hisia ni ya nani? Ni ya yule anayeungua nayo kifuani, au ni ya yule wa kwanza kulitamka jina lake? Nauliza kwa sababu katika mji huu hakuna anayejibu. Ukimuuliza mtu sokoni atakwambia ana haraka. Ukiwauliza wakubwa watakwambia hisia ni mali ya mji na mahali pake ni chini ya kifuniko. Nami niliyekaa miaka chungu nzima katika Nyumba ya Vigoda nikisikiliza watu sina jibu, nina wivu tu. Nasema mapema usije ukaniambia nilikuficha. Anayekusimulia haya ana wivu tangu neno la kwanza, na wivu una macho yake, huona mbali na huona vibaya.

Mji wetu hauna jina. Jua lake halitui. Hushuka mpaka usawa wa mapaa likasimama hapo, mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Kwa hiyo kwetu ni alasiri daima, na tunajua siku imepita kwa kuona tumechoka. Umri nao haumkai mtu. Mzee akitaja jambo la utotoni, mikunjo humtoka usoni na sauti ikapanda. Akinyamaza, uzee humrudia taratibu. Hatushangai. Kinachotushangaza ni mtu apitaye mikono mitupu, maana kila mmoja wetu hutembea na kombe lake, juu ya kombe kawa, kifuniko kilichosukwa kwa ukili, na ndani ya kombe kile anachokihisi. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Tukafunika. Mwanaharamu alishapita zamani, hata sura yake hakuna anayeikumbuka, na bado hatujafunua.

Kombe likimwelemea mtu, huja kwetu. Nyumba ya Vigoda ina ukumbi mrefu na vyumba viwili vilivyotengwa na ukuta mwembamba, kimoja changu, kimoja cha Mwanakombo. Anayekuja hatumwiti mgonjwa. Tunamwita mwenyewe, kwa kuwa kombe ni lake. Mwenyewe hupiga hodi akaketi kwenye kigoda, nasi tukaketi kwenye kigoda cha kimo kilekile ili asiwepo wa juu. Kawa hufunuliwa na mkono wake tu. Sisi hatuoni kilichomo, tunaona mvuke unavyompiga usoni. Akisema, tunamrudishia alichosema kwa uzito uleule, bila kutia chumvi wala kupunguza. Hatutoi ushauri. Katika mji ambao hata muuza mkaa ana ushauri juu ya ndoa yako, jambo hili limetupa sifa ya ubahili. Na akiondoka hatumsindikizi. Watu wamelisema sana hilo, kwamba ni utovu wa adabu kumwacha mgeni atoke peke yake, lakini ndiyo kanuni ya nyumba: aliyekuja kwa miguu yake arudi kwa miguu yake.

Iko kanuni nyingine, nayo ndiyo iliyoniponza. Msikilizaji ana kombe lake pia. Haingii nalo chumbani, huliacha kwenye rafu ya ukumbini. Kabla ya kumpokea yeyote sharti alifunue, atazame, ajue leo ana nini, asije akakiona cha kwake akadhani ni cha mwenzake. Mimi niliacha kufunua. Nilijiambia kombe langu limekauka, kazi imelikausha, na ukavu ule nikauona ni ubingwa.

Sasa nikwambie habari za Mwanakombo, na nitajitahidi kuwa mwadilifu, ingawa sikuahidi. Alikuja nyumbani humu baada yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza. Nilimfundisha kwamba kuna kimya cha kumsubiri mtu na kuna kimya cha kumsusia, na kwamba mwenyewe hajui tofauti kwa masikio bali kwa ngozi. Akajifunza, akanipita. Waliokwenda kwake walilia. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu nikisikia kupitia ukutani kilio kile cha kweli, kinachoanza na kukohoa kama mtu aliyepaliwa, halafu kikafunguka. Wangu hawakulia. Wangu walisema ahsante, Bi Sihaba, nimepumua, wakafunika makombe yao wakaenda zao. Nikaanza kutafuta sababu. Nikasema chumba chake kina ubaridi, ndiyo maana macho ya watu hujaa maji. Nikasema amezaliwa na sura ya huzuni, hiyo si kazi ni maumbile. Nikasema kulia si kupona. Yote haya niliyasema huku sikio langu likiwa ukutani.

Ndipo alipokuja Bi Kidawa.

Alipiga hodi kwangu, si kwa Mwanakombo, na sikuficha furaha yangu. Alikuwa mwanamke mtu mzima aliyejitanda kanga vizuri, kombe lake amelishika kwa mikono miwili, na kawa lake lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuona, lina ukili mwekundu na wa zambarau, amelisuka mwenyewe. Aliketi, akalifunua upande kidogo, mvuke ukamgusa kidevu, akasema amefurahi. Nikamrudishia: umefurahi. Akasema mwanawe anaolewa.

Kisha akaeleza, na kwa kila neno umri wake ukapanda na kushuka. Mtoto anaitwa Raya. Hakumzaa. Aliyemzaa alimwacha mchanga juu ya mkeka wa Bi Kidawa, akasema anakwenda mara moja, na ile mara moja ikawa utoto mzima. Bi Kidawa alipolisema hilo alikuwa kijana mbele yangu, mabega yamenyooka, mgongoni amefunga nguo na ndani ya nguo kichwa cha mtoto mwenye homa. Nilimwona mtoto. Niliona hata unyevu wa jasho kwenye nguo. Halafu akasema, sasa aliyemzaa amerudi, akawa tena mtu mzima, na mgongoni hamna kitu.

Katika harusi za kwetu upande wa mwanamume huleta nguo mbili kwa mama wa bibi harusi. Ya kwanza ni mkaja, kwa ajili ya tumbo lililofungwa baada ya kuzaa. Ya pili ni mbeleko, kwa ajili ya mgongo uliombeba mtoto. Nguo hizi hutolewa mbele za watu, na anayepewa ndiye mama, hakuna mjadala tena. Wazee wa ukoo walikaa, wakaamua zote mbili apewe aliyezaa, kwa sababu mama ni mmoja na itakuwa fedheha kuwachanganya wakwe. Bi Kidawa alipelekewa habari. Akaambiwa atawekewa kiti kizuri.

“Nimefurahi,” alisema. “Mtoto amempata mama yake. Nani asingefurahi?”

Nikamrudishia, umefurahi kwamba mtoto amempata mama yake. Akaitikia kwa kichwa na mvuke ukampanda mpaka machoni, akashusha kawa upesi. Akaja tena, na tena. Kila mara alisema amefurahi, na kila mara kawa lilifunuka kidogo zaidi, upana wa kidole, upana wa kiganja. Ilikuwa kazi nzuri. Naweza kusema hivyo bila haya, kwa sababu najua ilivyoisha. Mtu alikuwa anajikaribia mwenyewe kwa mwendo wake, na mimi nilikuwa nimekaa kando ya njia nikimwona anapita, na hiyo ndiyo kazi, hakuna nyingine.

Lakini mimi nilishaona. Nilijua kilichomo ndani ya kombe lile tangu siku ya kwanza, harufu yake naijua kuliko harufu ya mwili wangu. Na mwenye kujua akinyamaza, jamani, ulimi humwasha.

Siku ile Bi Kidawa alikuwa ananiambia kuhusu kiti kizuri atakachowekewa, kwamba kitakuwa na mto, kwamba watu wana heshima zao. Nyuma ya ukuta mwanamume mmoja akaanza kukohoa. Nikajua kinachofuata. Kikafuata. Alilia mwanamume yule, mtu mzima, kilio cha kufungua milango, na katikati ya kilio nikaisikia sauti ya Mwanakombo, ndogo, haina haraka, ikimrudishia neno moja tu. Na mbele yangu Bi Kidawa anasifia mto wa kiti. Nilitaka alie. Nilitaka ukuta ule usikie, mara moja tu, kilio kinachotoka upande wangu. Nikanyoosha mkono nikaling'oa kawa lake juu ya kombe.

“Una wivu, Bi Kidawa,” nikamwambia. “Hiyo si furaha. Ni wivu.”

Hakulia. Aliufunga uso wake kama dirisha. Alinitazama akiwa na umri ambao sijawahi kumwona nao, mzee sana.

“Mimi?” alisema. “Wivu ni wa wake wenza, mwanangu. Mimi sina mke mwenza.”

Akainuka na kombe lake wazi, akatoka. Sikumsindikiza, safari hii kanuni na aibu vilisema neno moja. Nilipotazama mkononi niliona nimebaki na kawa, na sakafuni toka kigodani mpaka mlangoni matone yalikuwa yanatoa moshi.

Nilikuwa na haki. Sikuwa na haki. Neno lilikuwa la kweli. Neno la kweli lililotolewa kwenye kombe la nani? Mama yangu anasuka nywele. Dada yangu amekaa kwanza, kwa kuwa nywele zake ni laini na mama hupenda kuanza na kazi nyepesi. Mimi nimeshika kitana, nimekaa kizingitini, nangoja zamu. Anamsuka mistari inayokwenda na kurudi, wanacheka jambo ambalo sikulisikia mwanzo wake. Halafu zamu yangu inafika na mikono ya mama imechoka. Kesho, mwanangu. Nilikuwa na miaka mingapi? Mingapi nilikuwa nayo nilipoling'oa lile kawa? Kama umri hufuata kinachosemwa, basi aliyekuwa amekaa kwenye kigoda cha msikilizaji alikuwa mtoto mwenye nywele timtimu, na mtoto yule ndiye aliyempa Bi Kidawa jina la kidonda.

Bi Kidawa hakuacha kuja katika nyumba yetu. Alipiga hodi mlango wa pili. Nilizijua hatua zake, nikamsikia akipita mbele ya mlango wangu bila kupunguza mwendo. Kwa Mwanakombo! Basi hapo nilijua wivu niliousimulia hapo juu ulikuwa utangulizi. Bi Kidawa, kama mtoto niliyemlea mimi, hatua kwa hatua, upana wa kidole, upana wa kiganja, akaenda kulia kwa mwingine.

Maana alilia. Nilisimama na shavu ukutani nikasikia kule kukohoa. Kisha akasema, nilimbeba. Mwanakombo akamrudishia: ulimbeba. Bi Kidawa akasema tena, nilimbeba, na sauti ilikuwa ya kijana, na tena, nilimbeba, na kila mara Mwanakombo alimrudishia neno lake likiwa halijachakaa, kana kwamba ndiyo kwanza analisikia. Hakumwambia ni nini anachohisi. Mimi nilikuwa najua, yeye hata sidhani kama alijua. Na Bi Kidawa alilia kwake.

Nikafanya jambo ambalo hakuna kanuni inayolikataza kwa sababu hakuna aliyewahi kulifikiria. Kawa lile la ukili mwekundu na wa zambarau nilikwenda nalo ukumbini, nikalifunika kombe langu. Kawa langu la zamani lilikuwa limechanika. Nikajiambia ninalitunza tu. Ukweli ni kwamba nililipenda, na nilipolitazama pale rafuni niliona kama Bi Kidawa hajaondoka.

Mwanakombo akanikuta hapo. Aliniita Da Sihaba kama kawaida yake, akasema ameona siku nyingi sijalifunua kombe langu. Nikamjibu kuwa halina kitu, ni kavu.

“Unaliona ni kavu,” akasema.

Ningeweza kumzaba kibao. Kunirudishia mimi, niliyemfundisha kurudisha! Nikamwambia ana mtu anamngoja. Akaenda zake taratibu, na mimi nikabaki nikitazama kisogo chake, nywele zake zimesukwa vizuri, mistari inayokwenda na kurudi.

Siku ya harusi ilipofika ngoma zilianza mtaa wa pili, na katika ile alasiri yetu isiyokwisha nikasikia hodi mlangoni kwangu. Alikuwa Bi Kidawa, amevaa kanga mpya, amejifukiza udi, kombe mikononi liko wazi. Alikataa kuketi. Alisema hakuja kusema, alikuja kuchukua kawa lake. Anakwenda harusini na hawezi kwenda wazi mbele za wakwe. Mpaka sasa amejitahidi kutembea hivyo, watu wanamkwepa njiani, lakini leo anataka kufunika, atabasamu, aketi kwenye kiti chake chenye mto, yaishe.

Nilikuwa na mambo mengi ya kusema. Nilitaka kumwambia asifunike. Nilitaka kumwambia kawa limepotea. Lakini kombe ni la mwenyewe, na kawa pia, hata pale linapokwenda kufanya kazi usiyoitaka. Nikamwomba aje ukumbini.

“Kawa lako liko juu ya kombe langu,” nilimwambia. “Na siku ile, Bi Kidawa, wivu niliokutajia ulikuwa wangu. Nilikuchotea kutoka humu.”

Nikalinyanyua. Kombe halikuwa kavu. Lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na mvuke ulinipiga usoni hata nikarudi nyuma. Sikuona aibu iliyobaki ya kumficha. Nilisimama mbele yake nikiwa mtoto wa kitana, nikampa kifuniko chake, na yeye akakipokea akiniangalia mimi, halafu kombe langu, halafu lake. Alitazama la kwangu kwa muda mrefu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kuona mtu mwingine naye amejaa.

Aliketi. Tuliketi palepale ukumbini, chini, hapakuwa na vigoda.

“Mkaja wampe,” akasema. “Tumbo ni lake, mimi sina ugomvi na tumbo.” Ngoma zikapita zikarudi. “Lakini mbeleko.” Akaweka kiganja chake nyuma ya kiuno, mahali ambapo mtoto hukaa. “Ninamwonea wivu, mwanangu. Namwonea wivu mpaka meno yanauma. Kumbe hata mama anaweza kuwa na mke mwenza.”

Lilikuwa neno lilelile. Neno langu, nililolisema kabla yake, kabla ya Mwanakombo, nililopewa mgongo kwa ajili yake. Lilisimama katikati yetu na kila kiungo changu kilitaka kusema: si nilikwambia? Hakuna mwanadamu aliyewahi kulitamani neno kama nilivyolitamani lile. Lakini lilikuwa limetoka kinywani mwake, lina joto la kinywa chake, na halikufanana hata kidogo na lile nililompiga nalo. Lile lilikuwa jiwe. Nikameza.

“Unamwonea wivu,” nikasema. “Mpaka meno yanauma.”

Alishusha pumzi, mabega yakamlegea.

“Ndiyo,” akasema. “Hakuna aliyewahi kunisikia hivyo.”

Nilinyamaza. Nisamehe, msomaji, lakini kimya kile ndiyo kazi kubwa niliyowahi kuifanya katika nyumba ile, na aliye nyuma ya ukuta asingeweza kuisikia.

Aliinuka akajitengeneza kanga. Aliniambia atakwenda, na zitakapoletwa nguo zile mbili atasimama mbele za watu aiombe mbeleko yake kwa mdomo wake. Wakimpa, sawa. Wasipompa, watakuwa wamemnyima akiwa amesimama, si akiwa amekalishwa kwenye mto. Sikumwambia ni vizuri wala ni vibaya. Nilimrudishia tu kwamba atasimama. Akaondoka na kawa lake amelibana kwapani, kombe mikononi, wazi, linatoa moshi, na nilimtazama mlangoni mpaka akaingia kwenye ngoma. Sikumsindikiza. Niliona wivu hapo pia, sitakudanganya, kwamba yeye anajua aendako.

Nikabaki ukumbini na kombe lisilo na kifuniko. Kawa langu la zamani lililochanika lilikuwa rafuni, nikaligusa, nikaliacha. Nikalishika kombe kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kuliko nilivyotarajia na lilinimwagikia vidoleni kila hatua. Nikapita mbele ya mlango wangu bila kupunguza mwendo, nikasimama mlango wa pili.

“Hodi,” nikasema.

Mwanakombo alifungua. Hakuonyesha mshangao, wala hakuniita dada. Alinionyesha kigoda, na vigoda vile vimefanana sana hata kwa kitambo sikujua kipi ni cha nani. Nikaketi. Mvuke ulikuwa usoni mwangu wote.

“Nakuonea wivu,” nikamwambia.

“Unanionea wivu,” akasema.

Likarudi na uzito uleule, halijapungua, halijaongezeka. Nikaanza kukohoa. Ukuta ule ni mwembamba, na kama kulikuwa na mtu amekaa chumbani kwangu saa ile, basi alinisikia.